Kitanda Kinachoshuka

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo uliyoiweka juu ya barua yako nimeipokea kwa mikono miwili, na marahaba yangu ikufikie ingali na joto. Mimi mzima. Magoti yananung'unika lakini hayajagoma. Shemeji yako naye mzima, isipokuwa ile tabia yake ya kuhesabu vitu, ambayo umri haujaipunguza. Na wewe je? Kikohozi kimekuachia? Mtoto wa marehemu kaka yetu na mkewe bado wanakutunza? Uliniandikia kwamba kila siku unangoja televisheni izimwe na wageni waage ndipo utandike godoro lako pale sebuleni, ukaongeza kwamba siku hizi unazijua habari za dunia kuliko mawaziri. Uliandika kwa mzaha. Mimi sikucheka.

Niombe radhi kwa mwandiko. Utaona mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu mzima! Sijaugua. Sababu ipo na nitaifikia. Niombe radhi pia kwa kuchelewa. Uliniuliza swali moja tu, fupi, kwamba chumba chako kimefikia wapi, na huu ni mwezi wa pili sijakujibu. Nimeanza mara nne, na mara nne nimeinuka nikaenda kufagia mahali ambapo hapajawa na sakafu. Leo nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, karatasi iko juu ya mfuko wa saruji, na nimejiapiza kwamba siinuki mpaka nimalize. Nimekwisha inuka mara moja, lakini ilikuwa kuzima jiko.

Ili ulielewe jibu langu, lazima kwanza nikueleze tunavyoishi hapa. Unanijua, siwezi kutoa jibu bila kuonyesha njia.

Tulipohama nyumba ya kupanga tuliambizana miezi mitatu. Tutajibana kwenye banda pale pale kiwanjani, tutasimamia kazi kwa macho yetu, kisha tutahamia nyumbani. Huu ni mwezi wa kumi na sita. Banda lina hatua nne kwa tano, na ndani yake hakuna kitu ambacho ni chake. Vyote vimeazimwa kutoka kwa nyumba ambayo bado haijawa nyumba. Mlango tunaofunga ni mlango wa jikoni wa kesho. Dirisha letu ni dirisha la bafu, na ndiyo maana liko juu mno na kioo chake hakionyeshi kitu. Mabati ya paa ndiyo yatakayoezekwa kule, kwa hiyo shemeji yako alikataza yasipigwe hata msumari mmoja, akisema tundu la leo ni tone la kesho. Yameshikiliwa kwa mawe. Upepo ukivuma yanainuka na kujibamiza, na sisi wawili tunatazama juu kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia nyayo za mwalimu mkuu. Siku nyumba itakapoezekwa, sisi ndio tutakaoezuliwa.

Sasa kitanda. Saruji, mdogo wangu, haipendi unyevu. Ikiguswa na maji kabla ya wakati wake inageuka jiwe ndani ya mfuko. Kwa hiyo shemeji yako aliamua kwamba mifuko ikae chini ya kitanda, mahali pakavu kuliko pote. Akakiinua kitanda juu ya nguzo nne za matofali, kila nguzo matofali matano. Siku za mwanzo nilikuwa napanda kitandani kwa kigoda, na shemeji yako akaniambia kwamba nimepata cheo, nalala juu kuliko mkuu wa wilaya. Tukacheka. Lakini kila mafundi walipopungukiwa na matofali kwenye ukuta, na walipungukiwa mara nyingi kuliko alivyotarajia, alikuwa akija bandani, ananiomba nisimame, anachomoa manne, moja kila nguzo ili kitanda kisipinde. Tukashuka kutoka matano hadi manne. Kutoka manne hadi matatu. Sasa tuko kwenye tofali moja moja, na nikiketi ukingoni magoti yananigusa kidevu. Nyumba imepanda, na sisi tumeshuka.

Shemeji yako hakuelewa matofali yalikuwa yanakwenda wapi. Usisahau kwamba mtu huyu alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo haukupotea hata msumari. Mafundi wanamwita Mzee Hesabu. Mimi niliyefundisha hesabu karibu maisha yangu yote sikupewa jina hilo. Alikuwa amekadiria idadi ya matofali kwa ramani, na idadi ilikuwa sahihi, mimi mwenyewe niliihakiki. Yalipoanza kupungua akaanza kuamini kwamba yanaibwa. Akayatia alama ya chaki, moja moja. Akawa anawasalimu majirani huku akichungulia nyuma ya nyumba zao. Alihesabu matofali kila siku, asubuhi na jioni, lakini hakuwahi kupima ukuta. Kila mtu hupima kile alichozoea kupima.

Hapo ndipo anapoingia fundi. Tulimpata mwashi mmoja anayeitwa Pimamaji, kwa kuwa kile chombo chake cha kupimia usawa, chenye kipovu cha hewa ndani ya kioo, hakitoki mkononi. Anatembea nacho kama bakora. Wanasema akialikwa mahali hupima kwanza meza ndipo aweke kikombe. Mkewe ana benchi lake ng'ambo ya barabara, anauza chai kwa mafundi wa viwanja vyote vya mtaa huu, na tangu siku ya kwanza alikuwa akiniletea kikombe changu mwenyewe bandani, akisema mwalimu hawezi kunywa akisimama na wachanganya zege.

Pimamaji hakusoma sana, lakini nilipomtazama akichora nyumba ardhini kwa vigingi na kamba nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwapo. Nikufafanulie, maana jambo hili ndilo kiini. Vigingi vinne vya kona vikishasimama na kamba zikavutwa, utajuaje kwamba kona zako zimenyooka na nyumba haikuinama kama sanduku lililokaliwa? Unavuta kamba kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, ikikatiza katikati, kisha unafanya vivyo hivyo kwa kona mbili nyingine. Kamba hizo mbili zikilingana urefu, umesalimika. Darasani tuliita ulalo. Pimamaji haiiti chochote. Anavuta kamba upande mmoja, anafunga fundo, anaipeleka upande wa pili, na fundo likiangukia kwenye kigingi anasema Mungu ameidhinisha, chimbeni. Hasomi namba. Namba anazisoma mara moja tu, siku anaposimika vigingi. Kuanzia hapo anaamini fundo.

Jambo la pili katika utaratibu wake: kuta za ndani huzipima zote kuanzia kona ya mlango mkubwa. Chumba hiki futi kadhaa, kinachofuata futi kadhaa, mpaka mwisho. Chumba cha mwisho hakipimwi. Ni kile kinachobaki. Aliniambia mwenyewe kwamba ndivyo alivyofundishwa, kwa sababu ukianza kupima kutoka pande mbili, makosa yanakutana katikati ya nyumba, lakini ukianzia upande mmoja yanasukumwa hadi stoo, na stoo hailalamiki.

Basi kuta zikapanda. Zikafika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikapita. Seremala naye, kwa kufuata ramani, akatayarisha mbao za paa nyumbani kwake: boriti za kulaza juu ya kuta, na kenchi, zile pembetatu zinazobeba mabati. Wiki tano zilizopita akaja na mzigo wake na watu wake. Tulikuwa na furaha. Nilikuwa nimekwisha funga vyombo kwenye maboksi, kwani bandani tungebaki bila paa kwa siku mbili tatu. Wakaanza kupandisha kuanzia upande wa mlango mkubwa. Kenchi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikafika ya mwisho. Na baada ya kenchi ya mwisho, mdogo wangu, ukuta ukaendelea.

Ukaendelea hatua nzima, futi tatu, ukiwa peke yake. Nyumba yetu ilionekana kama mtu mzima aliyejifunika shuka la mtoto, miguu nje. Mmoja wa watu wa seremala akiwa huko juu akauliza kama huo ukuta wa mwisho ni wa jirani. Watu wakacheka. Shemeji yako hakucheka. Alichukua ramani, akachukua futi, ule utepe wa kupimia, akapima nyumba yote mwenyewe, akarudi akiwa amebadilika rangi. Seremala hakukosea. Ramani haikukosea. Nyumba ilikuwa ndefu kuliko nyumba.

Pimamaji akaitwa kutoka kwenye benchi la mkewe. Alipima mara ya kwanza. Akapima mara ya pili. Mara ya tatu alimpa futi mchanganya zege mmoja amsomee namba. Shemeji yako hapo alikuwa amekwisha pandisha hasira. Alisema mbele ya watu wote, mafundi, vibarua, wapita njia waliokwisha simama, kwamba sasa amemjua mwizi wa matofali yake. Kwamba kumbe wizi si lazima mtu abebe, mwingine anaiba kwa kuyapanga. Alisema mtu anatembea na pimamaji kama bakora ya uchifu kumbe hajui futi tatu ni kitu gani. Mengine sitaandika. Unamjua shemeji yako, si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana yakimtoka hayana breki.

Nilitarajia Pimamaji ajitetee. Ningefurahi angejitetea! Badala yake alisema kwa sauti ndogo kwamba Mzee asimwite mwizi, amwite kipofu. Akaeleza kwamba kwa mwaka mzima sasa zile namba ndogo kwenye futi zinacheza mbele ya macho yake, kwamba alimficha kila mtu hata mkewe, kwamba bila shaka siku ile ya kusimika vigingi alisoma vibaya, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kumharibia mtu nyumba. Akaegemeza kile chombo chake kwenye ukuta wa banda letu akasema kipofu hana haja nacho. Akavuka barabara.

Hakurudi. Chombo kilibaki hapa. Shemeji yako alikiingiza ndani kisinyeshewe, kwa sababu hata akikasirika hawezi kuona kifaa kinaharibika, na kikasimama kwenye pembe, hatua moja na mto wangu. Kila nilipofumbua macho kilikuwa cha kwanza kuniona.

Tangu siku ile situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Nimezunguka nyumba ile mpaka nimetengeneza njia kwenye mchanga. Nahamisha ndoo kutoka hapa hadi pale, kisha naiuliza ndoo ilikuwa na kosa gani pale. Shemeji yako ananiambia kwamba ni uchovu wa banda, na kwamba nikishahamia nyumba kubwa nitatulia. Ananionea huruma, na huruma yake inanichoma kuliko joto la bati.

Na yule mke wa Pimamaji, unajua aliendelea kuniletea chai? Nilimsihi aache. Akasema ugomvi ni wa wanaume na chai ni ya mwalimu. Anakaa pale mlangoni, ananisimulia. Ameniambia kwamba mumewe amekataa kazi mbili. Aliyempa ya tatu alisikia habari za nyumba yetu akaghairi mwenyewe. Sasa analinda geti la ghala fulani. Ameniambia kwamba kila asubuhi akirudi kutoka lindoni anachukua futi na kupima mlango wa chumba chao. Anapima mara tatu, anatamka namba, kisha anamwomba yeye asome. Zikipatana anaikunja futi. Zisipopatana anaikunja vile vile. Aliniambia haya huku akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia vituko vya mtoto, halafu akafuta kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha futwa.

Juzi shemeji yako alirudi mwenye furaha. Amepata mwashi mwingine, na huyo amempa dawa nyepesi: ukuta wa mwisho ubomolewe, ujengwe upya futi tatu ndani, pale ramani inaposema. Paa litatosha, na matofali yatakayotoka yatarudi kwenye hesabu. Kazi inaanza Jumatatu asubuhi. Alisema hata kitanda chetu kitapanda tena.

Leo ni Ijumaa. Nimesimama tena, nimekwenda mpaka barabarani, nimerudi. Sasa nitasema.

Vigingi nilivihamisha mimi.

Nianze na uongo ulio wa zamani zaidi, ule niliokudanganya wewe. Nilikuandikia mwaka jana kwamba chumba chako kimo kwenye ramani. Hakikuwamo. Nilimwomba shemeji yako tulipokuwa tunaichora, na akakataa. Usimchukie. Maisha yetu yote ya ndoa tuliishi nyumba za kazi, ndugu wamelala ukumbini, ndugu wamelala jikoni, na hakuwahi kununa. Aliniambia kwamba uzeeni anataka nyumba ya watu wawili na stoo, stoo ya kwake mwenyewe, yenye rafu. Kitu kidogo namna hiyo. Nilishindwa kumwambia kwamba chumba kile nilikwisha kiahidi kabla hata sijaolewa naye. Wewe uliacha shule darasa la sita ili mmoja wetu abaki na mama, mgonjwa kitandani, na mwingine aendelee kusoma. Niliyeendelea ni mimi. Ulinifungia daftari zangu, nikakuambia nikipata nyumba, chumba kimoja ni chako na dirisha lake litatazama jua linapochomoza. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliniuliza kama litakuwa na pazia.

Siku ya vigingi, mafundi walipomaliza walivuka barabara kwenda kunywa chai. Shemeji yako alikuwa amefuata mchanga. Nilibaki peke yangu na kamba. Nikaingia mahali stoo ilipochorwa, nikachora kwa kijiti ukuta wa ndani kama ramani inavyosema, nikajilaza pale chini, mwalimu mstaafu na gauni lake safi, nikanyoosha mikono. Mkono mmoja ukagusa kamba, wa pili ukagusa mstari. Ilikuwa na upana wa futi nne. Ukiweka kitanda humo, wa kulala anaingilia dirishani.

Nikang'oa vigingi viwili vya mwisho, nikavisogeza nje, kila kimoja futi tatu kamili, nikazifunga kamba upya. Nilichukua muda mfupi kuliko ninavyochukua kukuandikia. Nilijua atakachofanya Pimamaji kesho yake. Nilijua fundo litaangukia kwenye kigingi, maana umbo likirefushwa sawasawa pande zote mbili kona zake hazipindi, na kamba zake za katikati zinarefuka kwa pamoja. Niliyafundisha haya kwa vizazi vinavyofuatana. Nilijua pia kwamba chumba cha mwisho ni kile kinachobaki. Asubuhi akavuta, akafunga fundo, akapeleka, akasema Mungu ameidhinisha. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na nikaitikia.

Kamba ile humwambia fundi kwamba nyumba imenyooka. Haimwambii kama ni ya kweli.

Yaliyofuata yalijifanya yenyewe. Nilimwambia Pimamaji aache nafasi ya dirisha upande wa mashariki kwa sababu saruji inahitaji hewa, na shemeji yako akaunga mkono. Bafu lililo upande ule nalo likanenepa, akalisifu. Aliingia stoo yake isiyo na paa, akashangaa jinsi futi nne zinavyoweza kuwa pana. Na kila alipokuja bandani kuchomoa matofali chini ya kitanda, nilisimama nikamshikia mto, nikijua kila tofali lilikokwenda. Nilijiambia paa likishaezekwa nitasema, kwani paa likishakaa hakuna wa kulishusha. Sikufikiri juu ya seremala! Kumbe kuna aliyekuwa akikata mbao akitegemea kwamba ramani na ukuta vinazungumza lugha moja.

Ungeniuliza kwa nini sikusema siku ile ile, Pimamaji alipotukanwa. Nilikuwa pale pale, mlangoni mwa banda, bakuli la mchele mkononi, nikichambua. Niliendelea kuchambua. Sina maelezo mengine, na unajua mimi si mtu wa kukosa maelezo.

Leo asubuhi shemeji yako aliondoka kufuata misumari na mbao mjini. Nikachukua lile pimamaji kutoka kwenye pembe, nikavuka barabara nalo. Pimamaji alikuwa amerudi kutoka lindoni, ameketi nyuma ya benchi la mkewe. Nikaliegemeza kando yake, nikamweleza mbele ya mkewe, kama nilivyokueleza wewe, vigingi vipi na futi ngapi. Hakunitukana. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Mkewe alisimama, akachukua kikombe changu, kile anachoniletea kila siku, akamwaga chai iliyokuwamo chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akakijaza tena akampa mumewe.

Pimamaji alichouliza kwanza hakikuhusu aibu yake wala kazi zilizompita. Aliuliza kama kamba zililingana kweli. Nikamwambia zililingana. Akasema basi fundo halikumdanganya, na akavuta pumzi ndefu. Halafu akatoa futi mfukoni, akaitazama, akaikunja, akaniambia kwamba hata hivyo macho yamechoka, hilo halikuwa uongo. Nikamuuliza kama ya mbali anaona. Akanisomea maandishi ya ghala lililo mwisho wa barabara. Nilivua miwani yangu ya kusomea, ile inayoning'inia shingoni kwa uzi, nikamvisha. Akaitazama futi muda mrefu. Akasema kumbe vijistari vyote vipo. Aliniuliza kama nina uhakika kwamba hiki ni kitu kinachouzwa madukani tu, kwa mtu yeyote. Mkewe akamwambia kwamba mwaka mzima anajifanya kipofu kumbe anahitaji vioo viwili na uzi, na kwamba mwanaume ataficha ugonjwa mpaka ugonjwa wenyewe uchoke. Miwani nimemwachia. Sasa unajua kwa nini mistari yangu inakwenda kama mlevi.

Lakini hakusema yameisha. Alisema kwa heshima kwamba maneno aliyoambiwa aliambiwa pale kiwanjani, mchana, mbele ya watu, na kwamba haya yangu nimeyasema nyuma ya benchi. Nilimwelewa. Jumatatu asubuhi, kabla ya nyundo ya kwanza, nitasimama pale ukuta unapoishia na kusema mbele ya seremala, vibarua, mwashi mpya na wapita njia. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Hili moja naliogopa.

Kabla ya hapo kuna mmoja ambaye lazima ajue leo. Nimejaribu maneno ya kumwambia nikizunguka nyumba, na hayakai. Kwa hiyo barua hii sitaifunga. Nitaiweka juu ya mto wake, na akiingia nitatoka nje nimwache nayo. Asome yote, hata pale nilipomsema. Akitaka kuizuia na kunirudishia, haitakufikia, na nitakuandikia nyingine. Ikikufikia, ujue imepita mikononi mwake kwanza.

Na jibu la swali lako ni hili: chumba chako kina kuta nne, dirisha la mashariki, na futi saba kamili. Hakina paa. Sijui kama Jumatatu jioni kitakuwapo. Nilikijenga kwa kuchafua jina la mtu mwingine, na sikuwa na haki ya kukupa kitu ambacho si changu. Kikibomolewa, usinililie, nikasirikie kwanza, una haki hiyo, kisha tutafikiri upya, lakini safari hii tukisema.

Nisalimie mtoto wa kaka na mkewe, na wale watoto wao wanaokukanyagia godoro. Mwambie mama wa jirani yako kwamba dawa yake ya magoti ilinisaidia siku mbili za kwanza. Kikohozi usikidharau. Nasikia geti. Ni yeye, anazihesabu mbao akizishusha.

Ni mimi dada yako, mkubwa kwa umri tu.

*

Shemeji, hapa ni mimi, kwa penseli kwa sababu kalamu ameondoka nayo. Nimesoma mara mbili. Ya pili nilisoma nimekaa. Sijatulia na sitaki mtu aniambie nitulie. Yuko nje anazunguka ukuta, sasa ni mzunguko wa kumi na moja. Jumatatu atasema yake, nami nitasema yangu, kwa sababu maneno yale kwa fundi niliyatoa mimi, si yeye. Mwashi mpya nitamwambia asije. Pimamaji akikubali, yeye na seremala watajua la kufanya na hizo futi tatu.

Mambo ya rafu tutayazungumza ukifika. Niletee vipimo vya kitanda chako, urefu na upana. Pima mwenyewe. Usimpe dada yako ashike futi.